Kiti cha Bapu Kwenye Kona

Jumanne ile ya Januari naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyotua Kanada. Naikumbuka kwa ufunguo wa gari uliokuwa baridi mpaka unauma vidole, na kwa neno moja nililolisema kwenye maegesho ya magari, "hapana", neno dogo tu ambalo nusura limuue mtu.

Kaa nikueleze. Simu yako inatetemeka na huipokei, nami najua ni nani anayepiga na kwa nini humpokei. Nimesikia habari zenu. Mama yako ameniambia, na asingeniambia yeye ningeambiwa na mwingine, maana kwetu siri haimalizi siku tatu. Mwaka huu mnataka kufanya sikukuu mbili za Dasara. Nyumba ya kulia ukumbi wao, nyumba ya kushoto ukumbi wao, eti kwa sababu hamkubaliani jina la nani litangulie kwenye kadi ya mwaliko. Haya! Mimi si mzee sana, magoti yangu ndiyo wazee, lakini wazee wenyewe wamekwisha na zamu ya kusema imenifikia. Nitasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kigujarati changu hamkielewi na Kiingereza changu mnakicheka.

Wewe umezaliwa hapa, basi nianze mbali kidogo. Sisi ni Warajput, watu wa jadi ya vita. Babu zetu walitumikia kijiufalme kimoja huko Kathiawar, India, kidogo kweli kweli, mtu wa farasi angekizunguka na kurudi nyumbani kabla chakula cha mchana hakijapoa. Lakini udogo wa nchi haukuzuia ukubwa wa vichwa. Mfalme akikaa barazani, watu wa nyumba yetu walikaa mkono wake wa kulia, na watu wa nyumba ya kina Dilu, huyo nitakuja kwake, mkono wa kushoto. Hao wa kulia walisema wao ndio nguzo. Hao wa kushoto walisema kushoto ndiko kuliko na moyo. Basi wakagombana karne na karne, mpaka wajukuu wao wakahamia Tanganyika kutafuta maisha, tukazaliwa sisi Tabora.

Baba yangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Nyundo mkononi, grisi mpaka kwenye viwiko, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakwambia, "Mimi ni wa mkono wa kulia." Baba yake Dilu aliuza sabuni na mafuta ya taa dukani, naye ukimpa nafasi ya kusema anakukumbusha kwamba watu wake waliwahi kutangulia vitani. Na mjukuu wa mfalme mwenyewe? Karani wa stoo ya reli. Huyo tulimwita Bapu, kama tunavyomwita mkubwa wetu, na alikuwa mtu mpole, mwenye masharubu meupe na viatu vilivyong'arishwa kila siku.

Tulipohamia Toronto tuliacha Tabora nyumba, makaburi na majirani wema. Ugomvi tuliupakia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili wote tulikuwa mtaa wa Malvern. Mimi na Mama ghorofa ya nne, Bapu ghorofa ya tisa jengo lile lile, Dilu na mama yake jengo la mbele, katikati maegesho. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, sijaolewa, na sikuja kuolewa, lakini hiyo habari nyingine. Baba alikuwa amefariki na kaka sina, kwa hiyo mambo ya nyumba ya kulia yakawa yangu, na niliyashika kwa meno. Bapu alikuwa mjane. Mwanawe alifanya kazi mbali, Calgary. Kisha figo za Bapu zikakataa kazi. Madaktari wakasema mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, lazima apelekwe kliniki alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na kila mara amechoka hawezi kupanda basi. Anahitaji mtu na gari.

Ungedhani ufalme umerudi! Nani ampeleke? Kila nyumba ikasema ni haki yake. Tukafanya kikao sebuleni kwetu, sambusa zikaliwa, sauti zikapanda, mwishowe ikaamuliwa: Jumanne na Jumamosi nyumba ya kulia, Alhamisi nyumba ya kushoto. Wa kushoto wakanuna kwa kupewa siku moja, basi wakaongezewa kumpeleka kinyozi na kumshika mkono siku ya Dasara. Bapu alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake. Hakuna aliyemuuliza. Nikamsikia akijisemea, "Ukubwa jalala," nikacheka nikidhani ni mzaha.

Dasara nayo ilikuwa inakufa machoni petu. Unaijua, ni siku yetu ya kubariki silaha, na siku hizi kwa kuwa silaha hatuna tunabariki zana za kazi na funguo za magari. Kila mwaka tulikodi ukumbi, na kila mwaka ugomvi wa kiti cha mkono wa kulia wa Bapu ulianza kabla hata chai haijachemka. Wanawake wa kwetu walitanguliza shali kwenye kile kiti asubuhi, wanawake wa kwao waliitoa wakaweka ya kwao. Watu wakachoka. Mmoja akaacha kuja, na nduguye akaacha, na vijana wakasema wana mitihani. Tukabaki tunagombania kiti katika ukumbi wenye viti vitupu.

Basi Jumanne hiyo. Theluji ilikuwa imeanguka mpaka magari yamekuwa vilima. Nikafukua Korola yangu kuukuu, nikakaa, nikatia ufunguo. Tk. Nikazungusha tena. Kimya. Betri imekufa. Na saa nne kamili Bapu anatakiwa awe kliniki na sindano mkononi, kule Don Mills, mwendo wa nusu saa barabara ikiwa nzuri.

Na upande wa pili wa maegesho ni nani anayefagia theluji juu ya vani, injini inanguruma, moshi unatoka? Dilu. Siku hiyo kazi yake ilikuwa ya jioni, hana haraka yoyote. Akasimama na brashi mkononi akaniita.

"Dada Hansa, gari limegoma? Nimpeleke Bapu?"

Niambie, mwanangu, hapo pana tusi gani? Hapana. Lakini masikio ya kiburi yana mtambo wake. Mimi nilisikia Dasara ijayo, mama yake Dilu amesimama mbele za watu anasema, "Jumanne ya nyumba ya kulia tuliibeba sisi." Nikajinyoosha, nikajipangusa theluji magotini.

"Hapana," nikasema. "Teksi inakuja."

Teksi ya wapi! Hata simu sikuwa nimepiga. Nilipopiga, wakaniambia kwa theluji ile nisubiri masaa mawili, pengine matatu. Nikapiga kliniki, nikailegeza sauti, nikasema mzee ana mafua kidogo, tunaomba aje kesho. Nesi akaniuliza, "Una uhakika anaweza kungoja?" Nikasema nina uhakika. Wakanipa Jumatano mchana. Nikapanda ghorofa ya tisa. Nikamkuta Bapu karibu na dirisha, koti amevaa, kofia amevaa, kamba za viatu amefunga. Nikamwambia kliniki wamesogeza siku kwa sababu ya theluji. Uongo wa tatu huo, na saa nne haijafika.

Alitupa jicho dirishani. Kisha akasema, "Sawa, binti," akaanza kufungua kamba za viatu, moja moja.

Dhamiri ilinisuta, nami badala ya kuisikiliza nikaipikia. Nikampelekea chapati za moto, achari ya ndimu na birika zima la chai ya maziwa. Mgonjwa wa figo hapewi chumvi nyingi wala maji mengi, na tangu Jumamosi damu yake haijasafishwa. Nilijua. Karatasi ya nesi ilikuwa imebandikwa kwenye friji, niliipita nikienda kuchukua sahani. Bapu akala ili kuniridhisha. Ole wangu, nilifurahi kumwona anakula!

Jumatano asubuhi nilipanda na chai nyingine. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mdomo wazi, anavuta hewa kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Miguu imevimba mpaka kandambili haziingii. Alisema maneno mawili tu, "Hansa, hewa." Kikombe kilinianguka. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikamshika mkono mpaka walipofika, na mkono ule ulikuwa wa baridi kuliko ule ufunguo wa jana.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi la korido. Dilu akaja anakimbia, buti hazijafungwa. Akatoka daktari, mwanamke mfupi mwenye macho makali, akauliza, "Nani humleta kwenye matibabu? Jana ilikuwaje?" Nikayatazama maji ya theluji yanayotoka kwenye buti za Dilu.

"Theluji, daktari," akasema Dilu. "Barabara zilikuwa mbaya."

Daktari akatutazama wote wawili. Akasema mapafu ya mzee yamejaa maji, wanafanya wanaloweza, na kwamba angecheleweshwa kidogo zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akaondoka. Nikamgeukia Dilu nikamuuliza kwa nini amenifichia.

"Sijakufichia wewe," akasema, macho sakafuni. "Nimejifichia mwenyewe. Nilijua hakuna teksi, Dada Hansa. Nilikaa dirishani mpaka saa tano naangalia gari lako halijasogea. Ufunguo wangu uko mfukoni. Nikasema moyoni, waache waaibike."

Tulilia, sitakuficha. Watu wazima wawili, kila mmoja kwa upande wake wa benchi. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru wetu siku ile alikuwa kifo, amekaa mlangoni anangoja tumalize.

Sasa hapo ungedhani tumepatana. Wapi! Siku ya nne madaktari wakasema Bapu amepona, anaweza kurudi nyumbani, na hofu ilipoondoka kiburi kikarudi kikakaa pale pale. Tena kibaya zaidi, maana sasa kila mmoja alikuwa ameshaonwa na mwenzake. Aibu nayo ina kiburi chake, mwanangu. Dilu alikuwa akiniona kwenye maegesho anainama kana kwamba anatafuta kitu chini. Mimi nilikuwa napitia mlango wa nyuma. Nikanunua betri mpya, nikasema basi, kosa lilikuwa la betri.

Wiki ikapita hivyo, kila nyumba na siku yake, Jumamosi ya zamu yetu ikafika. Nikapanda saa tatu kumchukua Bapu, hayupo, nikashuka. Nikamkuta ameshashuka mwenyewe, amekaa kwenye benchi karibu na masanduku ya barua, koti amevaa, na kichwani amefunga kilemba chekundu cha Dasara. Jumamosi ya kawaida! Watu wa jengo wakipita wanamtazama.

"Twende, Bapu," nikasema.

"Dilu yuko wapi?"

"Leo si zamu yake, Bapu."

"Basi na mimi leo si zamu yangu." Akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

Nilidhani anatania. Nikamwambia mashine saa nne. Akasema, "Nimefanya kazi reli miaka thelathini, wewe utanifundisha saa? Kaa." Nikakaa. Na pale, mbele ya masanduku ya barua, watu wakiingia na kutoka na mifuko ya sokoni, Bapu akanisimulia habari ambayo baba yangu hakuwahi kunisimulia, maana haikuwa na sifa kwa upande wetu wala kwa upande wa pili.

Alisema kwamba zamani za babu wa babu yake, adui alifika mpaka chini ya ngome yao. Hakuwa adui mkubwa, kundi la wanyang'anyi wa farasi waliotaka ng'ombe na nafaka. Wapanda farasi wa mfalme walitosha kuwafukuza asubuhi moja. Desturi ilikuwa nyumba ya kulia itangulie kutoka langoni. Lakini mwaka ule wa kushoto walikuwa wamelalamika sana, na mfalme, mtu asiyependa kelele, alikuwa amewaahidi wao kutangulia, bila kuwaambia wa kulia. Basi farasi wakapangwa ndani ya lango. Wa kushoto wakasema, tumeahidiwa. Wa kulia wakasema, hatutakula vumbi la farasi wenu. Hawa hawatoki mpaka wale warudi nyuma, na wale hawarudi nyuma. Lango limefungwa, mikuki mikononi, jua linapanda. Nje, ng'ombe wanaswagwa. Nje, maghala yanawaka moto. Mfalme yuko juu kwenye roshani, anaona kila kitu, na hasemi neno, kwa sababu neno lolote lingemuudhi mmoja. Mpaka adhuhuri farasi walikuwa hawajatoka hata mmoja. Adui akaondoka na alichotaka, na tangu mwaka ule ufalme ukawa unalipa kodi kwa jirani. Kila nyumba ikaanza kutuma wajumbe wa siri kwa huyo jirani kumsema mwenzake. Baraza likaoza. Vizazi vinne baadaye mzao wa mfalme alikuwa anahesabu misumari kwenye stoo ya reli, Tabora.

"Mimi huyo," akasema, akacheka kidogo. Kisha hakucheka tena. "Jumanne ile nilikuwa dirishani, Hansa. Nimeliona gari lako. Nimeliona lake, moshi unatoka. Nimewaona mmesimama, kila mmoja kando ya gari lake. Nikasema, kumbe ni lango lile lile."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "Bapu, kama ulijua, kwa nini ulisema sawa? Kwa nini ulikula ile achari?"

"Kwa sababu na mimi ni damu ya yule mfalme. Niliogopa kumuudhi mmoja, nikanyamaza juu ya roshani yangu. Hilo ni kosa langu mimi, usilichukue. Lakini leo sinyamazi. Sitapanda gari la nyumba moja. Leo sipandi, Jumanne sipandi, mpaka mje wawili. Nikifa hapa kwenye benchi, mtanibeba wawili vile vile, maana maiti habebwi na mtu mmoja. Chagueni mnibebe nikiwa na hali gani."

Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika ishirini. Nikambembeleza. Nikamkasirikia, ndiyo, nilimkemea mzee yule mbele ya watu! Hakutikisika. Bapu mpole, aliyeshindwa kukataa hata achari, alikuwa amekaa pale kama kigingi. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hafanyi mchezo, na kwamba kati ya mimi na uhai wake kuna maegesho tu ya kuvuka.

Nikavuka. Sikuvaa glavu, sikufunga koti. Nikabonyeza kengele ya jengo la kina Dilu, sauti yake ikatoka kwenye kile kispika mlangoni.

"Dilu, shuka. Bapu amekataa kupanda."

"Leo siku yenu, Dada Hansa."

"Siku yetu imekufa. Nilikosa, ndugu yangu. Nilikwambia uongo, nikawaambia kliniki uongo, nikamwambia na yeye. Shuka, nakuomba."

Nikasikia kwa nyuma sauti ya mama yake, kali kama pilipili, "Usishuke! Waache wapige magoti!" Mimi nilikuwa tayari nimeshapiga magoti moyoni, kwa hiyo haikuniuma sana. Kisha nikasikia Dilu, si kwangu, anamwambia mama yake taratibu, "Mama, nipe koti."

Tukavuka pamoja tunakimbia, tunateleza, amenishika kiwiko. Na tulipofika mbele ya Bapu, unajua tulifanya nini? Tukaanza kubishana gari la nani! Wallahi binadamu hafunzwi mara moja. Bapu akanyoosha kiganja. "Leteni funguo." Tukampa. Akachukua ufunguo wa Dilu akanipa mimi, akachukua wangu akampa Dilu.

"Leo gari lake, uendeshe wewe. Jumanne gari lako, aendeshe yeye. Na hivyo hivyo mpaka niwaambie basi."

Mimi nilikuwa sijawahi kuendesha gari kubwa kiasi kile. Bapu mbele na kilemba chake, Dilu nyuma amekumbatia fimbo ya Bapu, anapiga kelele njia nzima, "Breki! Dada, breki! Taa nyekundu hiyo!" Bapu alicheka mpaka akakohoa. Tulifika saa nne na dakika kumi na tano. Nesi akatugombeza vikali, nasi tukagombezwa pamoja, tumesimama bega kwa bega kama watoto wa shule, na nakuambia kweli, hilo lilikuwa jambo la kwanza nyumba zetu mbili kupokea kwa pamoja.

Tuliendelea hivyo miaka sita. Theluji, mvua, jua. Hatukupendana kwa siku moja, usidanganywe na hadithi. Tuligombana njia ya kupita, redio, dirisha wazi au limefungwa. Lakini ukiendesha gari la mtu unaijua harufu ya maisha yake. Niliona kwenye kiti cha nyuma cha Dilu dawa za macho za mama yake, nikajua yule mama mkali alikuwa karibu haoni, ndiyo maana hakutusalimia barabarani, na sisi tulidhani ni dharau. Nikaanza kumpelekea mboga. Alizipokea kwa kunung'unika. Mwaka wa pili akanung'unika kidogo tu.

Na Dasara ya mwaka ule ule wa betri, tuliingia ukumbini, shali tayari zimetandikwa na kutanduliwa kwenye kile kiti. Bapu alikishika kiti chake mwenyewe, akakiburuta sakafuni, kriii, ukumbi mzima ukageuka, akakiburuta mpaka kwenye kona kabisa. Akakaa. "Haya," akasema. "Kulia kwangu ukuta, kushoto kwangu ukuta. Anayetaka kukaa karibu nami akae mbele, nimwone uso." Wengine wakacheka. Mzee mmoja wa kwetu akachukua shali yake akaondoka, hakurudi miaka miwili, lakini alirudi. Siku ile kwenye sinia la zana tuliweka nyundo ya marehemu baba yangu, na pembeni yake funguo mbili zimefungwa kwa uzi mmoja mwekundu. Tangu hapo kiti cha Bapu kilikuwa kwenye kona, na viti vya ukumbi vikaanza kujaa tena.

Alifariki usingizini, asubuhi moja ya Jumatano. Jumatano haikuwa siku ya mtu. Tukambeba, wao wanne na sisi wanne, na mpaka narudi nyumbani navua viatu ndipo nikakumbuka kwamba hakuna aliyeuliza nani atangulie.

Sasa, mwanangu, nikuambie wazi, maana mtu akisimuliwa tu hulala. Jina la ukoo si baya. Lishike, lipende, wafundishe wanao. Lakini jina ni la kukusukuma utoke langoni, si la kukufanya ungoje mwenzako atoke nyuma yako. Ukikosana na mtu, usikae dirishani ukihesabu aibu yake, maana wakati unahesabu kuna mzee anakosa hewa mahali. Na wewe ukiwa mkubwa, usinyamaze ili upendwe na wote. Ukimya wa mkubwa ndio unaofunga lango. Ukikosa, sema nilikosa, upesi, kabla hujampikia mtu achari. Majuto ni mjukuu, na huyo mjukuu ndiye wewe unayenisikiliza na kadi zako mbili za mwaliko.

Mimi nimeshaamua. Nyumba zote mbili zimeniambia zitanitumia gari. Ahsanteni. Jumamosi ya Dasara, saa tisa alasiri, nitakuwa nimekaa chini kwenye benchi, karibu na masanduku ya barua, koti nimevaa. Likija gari la kulia peke yake, nitarudi juu. Likija la kushoto peke yake, nitarudi juu. Na sinia la Dasara, na nyundo ya baba, na ule uzi mwekundu, vyote viko kwangu, nitakuwa nimevipakata. Mje wawili, ufunguo wa huyu kwa yule. Mkichelewa nitangoja. Magoti yangu hayawezi ngazi, lakini kukaa yanajua, na mwalimu wangu wa kukaa alikuwa Bapu.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu. Akupe mkono mwepesi wa kugonga mlango wa mwenzako, na akupe mwenzako sikio la kukufungulia. Akukinge na theluji, akukinge na ulimi wako. Na hiyo simu imetetemeka tangu nianze kusema. Ni mtoto wa Dilu, sivyo? Ipokee.